Siku Mkalimani Alipoambiwa Anyamaze

Jirani yangu alikwenda misa ya Jumapili nusu ya kichwa imesukwa, nusu nywele zimesimama, na msusi wake nilikuwa mimi. Nilianza kumsuka Jumamosi mchana mbele ya nyumba yake, hapa kijijini kwetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nilipofika utosini nikakumbuka nguo zangu ziko kwenye kamba, na mawingu yanakuja kutoka upande wa ziwa. Nikamwambia, "Dada, narudi sasa hivi." Njiani nikakutana na mwanamke anayeuza vifaranga. Nikavinunua. Vifaranga vinataka banda, kwa hiyo nikaenda kuomba mbao kwa fundi, na kwa fundi nikakuta watu wanabishana juu ya tafsiri ya neno moja la Kifaransa, nikakaa kuwaamua. Mvua ilinyesha. Nguo zililowa. Jirani yangu alikuwa bado ameketi kwenye kigoda chake akinisubiri.

Alinisamehe. Watu hunisamehe haraka, maana nachekesha, na nadhani hilo ndilo lililonichelewesha kwenda kwa daktari miaka yote hiyo.

Mimi ni mkalimani. Nilizaliwa Kivu ya Kusini, nikafika Nakivale nikiwa na miaka minane hivi, nikasoma hapa. Nina Kiswahili cha Kongo cha mama yangu, Kifaransa cha kuokoteza, Kiingereza cha shule za Uganda na Kinyankole cha sokoni. Huitwa kazini pale Base Camp, makao makuu ya kambi, kwenye zahanati na kwenye ofisi, nikakaa katikati ya anayeuliza na anayejibu. Pale katikati kichwa changu hutulia kuliko mahali pengine popote duniani. Mtu aseme haraka anavyotaka, mimi namfuata neno kwa neno, na wala sisikii joto, njaa wala simu. Shida ni kabla na baada. Kabla, nimeshafika Jumanne kwa kazi ya Jumatano. Baada, nimeshasahau kitambulisho changu cha kazi kwenye nyumba za watu mpaka watoto wao wakakifanya mchezo. Mkubwa wangu wa kazi aliniambia siku moja, "Ukiwa ndani ya chumba, hakuna kama wewe. Kazi ni kukufikisha ndani ya chumba."

Nilikuwa nimezoea. Nilijua niko hivyo, kama mwingine anavyojua ana mguu mkubwa.

Halafu nikaitwa kutafsiri kwa mama mmoja aliyemleta mwanawe kwa muuguzi wa afya ya akili. Waliyosema mama na mtoto si yangu kuyasimulia. Mkalimani akitoka chumbani, huyaacha humo. Lakini maswali yalikuwa ya muuguzi, na huwauliza watu wote yale yale. Je, mtoto huacha kazi katikati? Hupoteza vitu? Hushindwa kungoja zamu yake? Huonekana kama ana mashine ndani isiyozimwa? Nikatafsiri, nikatafsiri, na kila swali lilipopita mdomoni mwangu nikaona linanigeukia. Kulikuwa na swali moja linalouliza kama mtoto hujibu kabla swali halijaisha. Hilo nililitafsiri kabla muuguzi hajalimaliza.

Akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Mama na mtoto walipoondoka nikabaki. "Hiyo kitu," nikamwuliza, "watu wazima wanaipata?"

"Hawaipati ukubwani," akasema. "Wanakuwa nayo tangu utoto. Ila hakuna aliyewauliza."

Akaniambia inaitwa ADHD, hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Akasema pale zahanati wao wamezidiwa na wagonjwa wa mambo mazito zaidi, lakini mjini Mbarara kuna daktari anayewapima watu wazima kwa faragha, katika kliniki yake mwenyewe. Akachukua kalamu aniandikie jina la mtaa. Akaangalia huku na huku kutafuta karatasi, akanitazama, akabadili mawazo, akaniandikia kwenye kiganja.

Nyumbani nikamweleza mume wangu. Yeye ni Mrundi, mkulima wa maharage, mtu ambaye hawezi kuanza tuta la pili kabla hajamaliza la kwanza. Nilimsomea maelezo yote niliyoyapata kwenye simu. Alisikiliza huku akipembua mbegu. Mwishoni akasema, "Basi nenda upimwe, mke wangu. Mimi miaka yote nilidhani ni tabia ya Wakongomani."

Kliniki ya daktari ilikuwa mtaa wa Kakoba, Mbarara, ghorofani, juu ya duka la mabati. Chini yake mafundi walikuwa wanachomelea mageti, na kila nilipotaka kujibu swali, sikio langu lilishuka ngazi kwenda kuwasikiliza. Daktari alikuwa mama wa makamo, Mnyankole, mwenye sauti ya chini sana, hata nililazimika kuinama nimsikie. Aliniuliza juu ya shule, ndoa, kazi, usingizi. Nilijibu alichouliza, na nikajibu pia asichouliza. Nilimweleza habari ya jirani na nywele zake. Nilimweleza biashara zangu: sabuni niliyoanza, cherehani niliyonunua, vifaranga. Aliandika bila kuinua kichwa. Nikamwuliza kama mafundi wa chini hawamsumbui.

"Mafundi gani?" akasema.

Ziara ya pili ilipokaribia kuisha akaweka kalamu chini. "Haya uliyonieleza ni ya sasa. Ninahitaji mtu aliyekujua ukiwa mdogo. Mama yako yuko hai?"

"Yuko. Lakini hajui Kiingereza, na Kinyankole chake ni cha kununua muhogo tu."

"Tutatafuta mkalimani."

"Mkalimani si huyu hapa?"

Alicheka. "Unaweza kutafsiri ushahidi juu yako mwenyewe?"

Kanuni hiyo mimi ndiye huwafundisha wakalimani wapya pale Base Camp: usikae katikati pale ambapo jambo lenyewe ni lako.

Mama yangu anakaa karibu nasi. Anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kuyauza sokoni. Nilimkuta kwenye kinu. Nikamwambia kuna mtu Mbarara anataka kumwuliza maswali juu yangu, akaacha kutwanga papo hapo. Hapa kambini, mtu akiitwa kuulizwa maswali ni mambo ya kuhamishiwa ng'ambo. Na kila mtu anajua kwamba mke akisema hivi na mume akisema vile, dosie, yaani faili lao, imekufa.

"Ni ya Canada?" akauliza.

"Hapana, mama. Ni daktari. Anataka kujua nilikuwaje nikiwa mtoto."

"Anataka kujua juu ya nini?"

"Juu ya kichwa changu. Namna ninavyosahau vitu."

Akafikiri. Akatwanga mara kadhaa. "Sawa. Basi tupatane mbele. Tutasema ulizaliwa mwezi gani?"

"Mama, sema ukweli tu."

"Ukweli," akasema, "ni kitu ya kuchunga, mwanangu. Hautoshi wote siku moja." Ni Kiswahili cha kwetu: kutosha ni kutoa. Alikuwa ananionya nisiutoe ukweli wote kwa mpigo. Nilicheka, sikumsikiliza.

Siku yenyewe alikuja kunigongea kabla sijaamka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na kilemba kilichofungwa kwa adabu zote, na mkononi ana mkoba mweusi ambao sikuwahi kuuona ukifunguliwa. Njia nzima hakusema sana. Ng'ombe wa Kinyankole wenye pembe ndefu walivuka barabara, tukasimama kuwapisha, na hata hapo hakusema kitu. Nilidhani anaona kizunguzungu cha gari. Baadaye ndipo nilipojua alikuwa anapanga majibu.

Daktari alitupokea vizuri, akampa mama kiti chenye mto. Halafu akamwita dada wa mapokezi aje kutafsiri. Huyu alikuwa binti wa askari, amezaliwa na kukulia kambi ya jeshi, mahali ambapo watoto wa kila pembe ya Uganda huelewana kwa Kiswahili. Lakini ni Kiswahili cha kambini, kifupi kama amri, na kimesafiri njia nyingine kabisa na kile cha mama yangu. Daktari alieleza kwamba dada huyo ameapa kutunza siri za kliniki, akaniuliza kama nakubali. Nikakubali. Akaniuliza pia kama niko tayari kubaki chumbani, au ningependa kungoja nje.

"Nitabaki," nikasema.

"Basi kaa pale kwenye kona. Leo si zamu yako ya kusema. Unasikiliza tu."

Nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeweza.

Dada wa mapokezi akamgeukia mama yangu. "Mama, daktari nauliza. Hii mtoto yako, wakati bado kidogo, alikuwa namna gani?"

Mama akanyoosha mgongo. "Alikuwa mutoto mutulivu," akasema. "Anakaa fasi moja sawa jiwe. Ukimutuma, anaenda, anarudi. Hakuwaka anasahau kitu. Ku masomo alikuwaka wa kwanza kila mwaka. Baalimu yote banamupenda."

Dada akatafsiri: mtoto mtulivu, mtiifu, wa kwanza darasani, kipenzi cha walimu. Yeye alitafsiri vizuri tu. Mimi pale konani nilihisi kama nasikiliza habari za msichana wa watu. Mtoto huyo hakuwahi kuishi nyumbani kwetu! Kalamu ya daktari ilianza kwenda polepole. Akanitupia jicho. Akauliza swali jingine, na jingine, na mama akazidi kunipaka mafuta. Nilikuwa sikatizi wakubwa. Nilikuwa namaliza chakula. Nilikuwa nakunja nguo zangu mwenyewe.

Ndipo nikaelewa. Mama yangu alikuwa ameshika dosie yangu kwa mikono miwili na hataki ife. Alikuwa ananipeleka Canada.

Daktari alivuta pumzi. Akauliza kama kuna lolote ambalo mama angependa kuongeza. Mama akaona hapa ndipo mahali pa kupiga muhuri. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa sauti ya kanisani: "Na tena, uyu mutoto hana bongo. Hata siku moja."

Dada wa mapokezi akasita. Akanitazama kwa huruma. Kisha akamgeukia daktari, akamwambia taratibu, kwa Kiingereza, kwamba mama anasema huyu mtoto hana akili, na hajawahi kuwa nayo hata siku moja.

"Hapana!" nikasema. "Hapana, hapana! Kwetu bongo ni uongo! Anasema mimi si mwongo! Uongo sina, akili ninazo!" Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, niliendelea. Nilimwambia daktari kwamba hata lile neno la jiwe limeachwa. Nilimweleza dada tofauti ya masomo na shule, maana sisi tunasema masomo tukimaanisha shule yenyewe. Nilimgeukia mama. "Na wewe, mama! Bongo ni hii unayowaambia! Lini mimi nilikaa kama jiwe? Lini nilikuwa wa kwanza?" Nikamrudia daktari nimwambie kwamba mafundi wa chini wameacha kuchomelea na sasa wanacheza muziki, na je, angependa nifunge dirisha?

Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba. Kiti changu kilikuwa kimelala ubavu sakafuni, na sikumbuki kukiangusha.

Mama alikitazama kile kiti. Akanitazama mimi. Akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakaanza kutikisika, na ndipo nikaona kwamba anacheka.

"Mbele ya dokteri!" akasema. "Hata mbele ya dokteri! Sasa miye nifiche nini, kama mwenyewe anajitosha?" Akamgusa dada wa mapokezi mkono. "Dada, ile nilisema, futa yote. Tuanze upya."

"Mama nasema ya kwanza tupa," dada akamwambia daktari, akasahau hata kubadili lugha. Daktari alielewa. Akafungua ukurasa mpya.

Na mama yangu akafunguka. "Uyu? Uyu alikuwa upepo!" Alisimulia siku aliyonituma chumvi kwa jirani nikarudi bila chumvi, mgongoni nimebeba mtoto mchanga wa watu, na mwenye mtoto anatafuta kijiji kizima. Alisimulia kwamba nilianza kula nikiwa nimesimama na nikamaliza nikiwa juu ya mti. Alisimulia kwamba usiku nilikuwa nasema na kwamba hata nikilala nilikuwa nasema. Alisema, "Mwalimu alimutosha mara mingi ku masomo."

Dada akatafsiri kwamba mwalimu aliona masomo yangu yanatosha, mara nyingi.

Niliuma ncha ya kilemba changu. Machozi ya kicheko yalinitoka. Daktari akanitazama juu ya miwani. "Hiyo nayo imekosewa?"

Nikaitikia.

"Sema moja tu."

"Mwalimu alinitoa nje. Mara nyingi."

"Asante. Kaa."

"Nimekaa, daktari."

"Umesimama."

Nilitazama chini, na kweli nilikuwa nimesimama.

Ilikuwa furaha, nisidanganye. Dada wa mapokezi sasa alikuwa anacheka waziwazi, mama anaonyesha kwa mikono urefu wa mti, na daktari mwenyewe alikuwa anauma midomo. Kisha daktari akauliza kama kulikuwa na wakati ambapo tabia yangu ilileta hatari. Dada akauliza kwa namna yake: "Mama, iko siku uliogopa juu yake?"

Mama aliweka mikono mapajani. Kicheko kikamwisha polepole.

"Wakati tulikimbia," akasema. "Tulikuwa batu mingi mu njia. Baba yake alikuwa amekufa mwaka ule, nilikuwa peke yangu na batoto. Niliogopa risasi, lakini uyu nilimuogopa zaidi. Akiona kipepeo, anaenda. Akisikia mutu anaimba kule nyuma, anaenda. Bale bengine ukibaambia kaa, banakaa. Uyu nilijua, nikifunga macho tu, sitamuona tena. Nikapasua kitenge. Nikafunga ku kiuno yangu, na upande mwingine ku mukono yake. Nikamuambia tunacheza mbuzi na mwenye mbuzi. Usiku sikulala, nilikuwa navuta ile kitenge, naona kama eko."

Dada wa mapokezi hakukosea neno hapo. Alisema yote kwa Kiingereza cha taratibu, sentensi kwa sentensi, mpaka mbuzi na mwenye mbuzi.

Ule mchezo naukumbuka. Nimewasimulia wanangu mara nyingi, na husimulia nikicheka: jinsi nilivyolia meee njia nzima kutoka Kongo, jinsi wazee waliokuwa wanatembea nasi walivyonirushia majani nile, jinsi mama alivyonivuta nikikaidi. Ndiyo kumbukumbu yangu kubwa ya safari ile, na ni kumbukumbu ya kucheza. Sikuwahi kujiuliza kwa nini ndugu zangu hawakufungwa. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa kitenge kulikuwa na mtu asiyelala.

Daktari alinitazama, nadhani alitegemea nitakatiza. Nilikuwa nimekaa.

"Tulifika wote," mama akamalizia. "Njo ile tu."

Tulikaa mapokezi wakati daktari anaandika. Dada alituletea chai ya maziwa, akamwuliza mama habari za sombe, na mama akamwahidi kumletea. Kisha tukaitwa tena ndani.

Daktari alinieleza kwa Kiingereza, bila kuzunguka. Ninayo ADHD. Ninayo tangu utoto, na si kidogo. Si uvivu, si utovu wa adabu, si kukosa akili. Alitaja dawa tunayoweza kuanza nayo kidogo kidogo, na mambo mengine ya kupanga maisha, akasema ataniona tena. Halafu akamwambia dada amtafsirie mama.

Dada akatikisa kichwa. "Daktari, hii aseme mwenyewe."

Daktari akafikiri, akanipa ishara. "Haya. Sasa ni zamu yako."

Nimewahi kuwaambia watu kwa kinywa changu kwamba wana mimba ya mapacha, na kwamba mguu utakatwa. Sijawahi kukwama kama nilivyokwama hapo. Kwa Kiingereza jina lenyewe lina neno upungufu ndani yake, na hilo neno nilikataa kumpa mama yangu. Kwani nimepungukiwa na nini, mimi ambaye kila kitu kinaniingia?

"Mama," nikasema, "daktari anasema ubongo wangu..."

"Bongo gani tena?"

"Kichwa changu, mama. Anasema kinasikia vitu vyote pamoja. Wewe ukinituma chumvi, kichwa kinasikia chumvi, na kinasikia mtoto analia, na kinasikia ndege, na vyote vina sauti moja. Hakijui kukiambia kimoja kingoje."

Mama akasogeza kiti karibu. "Na ile iko na jina?"

"Iko nalo."

"Haiue?"

"Haiui."

"Inatoka wapi?"

Nilimwuliza daktari. Akasema mara nyingi hutembea katika ukoo. Nikatafsiri, na kabla sijafika mwisho mama alikuwa ameshainua kidole.

"Kwa baba yake! Mungu amuweke fasi mzuri, lakini yule mwanaume alianzaka nyumba tatu, hata moja haikuona mabati."

Dada wa mapokezi aliangua kicheko kabla sijafungua mdomo. Hiyo aliielewa bila mkalimani.

Tuliposhuka, Kakoba ilikuwa imechangamka: bodaboda zinapiga honi, mwanamke anakaanga samaki, mafundi wamerudi kwenye mageti yao. Tuliingia hoteli ndogo tukala matoke na mchuzi wa karanga. Katikati ya kula nikaanza kulia, si kwa uchungu sana. Nilikuwa namwonea huruma yule mtoto aliyetolewa darasani, ambaye kila mara alidhani safari hii kweli atakaa. Mama alisogeza pilipili mbali na sahani yangu, halafu akaona si pilipili.

"Nilikuchapaka mingi," akasema.

"Wote walichapwa, mama."

"Weye zaidi." Akamega tonge, hakulila. "Kama wangeniambia, singekuchapa."

"Ungefanya nini?"

"Ningekufunga kitenge mapema," akasema, na tukacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunataka kitu.

Habari Nakivale hazihitaji simu. Kabla wiki haijaisha, watu walijua nimekwenda Mbarara kwa daktari wa vichwa, na wengine wakaanza kunisalimia polepole kana kwamba ninaweza kuvunjika. Mama mmoja wa kwaya alinishauri maombi ya siku nzima. Nilimshukuru, nikamwuliza kama yanafanywa tukiwa tumekaa. Mkubwa wangu wa kazi nilimweleza mwenyewe, mlango umefungwa. Alisikiliza, kisha akasema tujaribu hivi: mwenzangu mmoja anayependa kuandika ataandika ripoti zetu sote wawili, na mimi nitachukua yale mazungumzo marefu ya kutwa ambayo humchosha yeye. Asubuhi ya kila kazi, mtu wa ofisi hunipigia simu. Sioni haya tena kupigiwa.

Dawa nayo haikunigeuza mtu mwingine. Mwanzoni ilinikausha mdomo na kuninyima hamu ya kula, nikarudi kwa daktari akapunguza. Bado nina cherehani isiyoshona. Lakini kuna saa, hasa asubuhi, ambapo mambo hukaa kwenye mstari na kunijia moja moja.

Asubuhi moja kama hiyo nilikwenda kumsaidia mama kuchambua majani ya muhogo. Tulikaa kwenye mkeka, yeye akaanza kunisimulia ugomvi wa zamani wa dada zake wawili juu ya sufuria iliyoazimwa kwa harusi na kurudishwa bila mfuniko. Habari hiyo amekuwa akinisimulia tangu nikiwa mdogo, na kila mara mimi nilikuwa nimeshainuka kabla ya mfuniko kupotea. Safari hii nilikaa. Nilisikia nani aliazima na nani alishuhudia. Nilisikia shemeji alivyoingilia, na padri, na yule mwanamke wa ng'ambo ya mto aliyeonekana na mfuniko unaofanana. Majani yalikwisha, tukaanza kapu la pili. Jua lilipanda. Mmoja wa dada hao alihama, akarudi, akazaa. Mfuniko ulikuwa bado haujaonekana, na nikaanza kushuku kwamba miaka yote ile sikuwa nimekosa mwisho wowote, kwa sababu mama mwenyewe haujui.

Akanikazia macho. "Unanisikiliza?"

"Nakusikiliza, mama."

Alinitazama kitambo, kama mtu asiyeamini bahati yake, kisha akasogeza kapu karibu na magoti yangu, akaendelea.